"Skrini Inacheza": Historia ya Mwanga Usiotulia na Istilahi Zake

UTANGULIZI

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari aliwahi kuliandikia dawati letu la istilahi akiuliza swali ambalo kwa kawaida watu humpelekea fundi. Alikuwa na chombo cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ambacho katika makala haya nitakiita kisomeo kwa ufupi, na mwanga wake haukutulia. Alimwambia fundi, "Skrini inacheza." Fundi akabadilisha skrini. Mwalimu akalipa, akarudi nyumbani, na usiku ule ule skrini mpya ikacheza kama ile ya zamani. Ndipo alipofungua kijitabu cha maelezo kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, akakuta kwamba hitilafu tatu zilizo tofauti zimeelezwa kwa neno moja, "kumetameta", ingawa kila moja ina tiba yake. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: Je, Kiswahili hakina maneno ya kutosha, au watafsiri hawakuyatafuta?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yake ni kwamba, tangu sinema hadi kisomeo, mwanga usiotulia umetibiwa pale tu watu walipotenganisha mambo mawili: kile kinachoonwa na jicho, na kile kinachotendwa na mtambo. Lugha inayoyachanganya mambo hayo humpotosha fundi kama inavyompotosha mganga. Homa ni dalili. Malaria ni ugonjwa. Anayeita kila homa malaria atatoa dawa ya malaria hata kwa mgonjwa asiyeihitaji. Vivyo hivyo, anayesema "skrini mbovu" kwa kila mwanga unaocheza atabadilisha skrini nzima.

1. TAA ZA MAFUTA NA MSAMIATI WA ASILI

Wasemaji wa Kiswahili walikuwa na msamiati wa mwanga usiotulia kabla skrini yoyote haijafika. Kibatari chenye mafuta machache, au chemli ambayo utambi wake umechakaa, husemwa kuwa inasinzia: mwanga hupungua polepole, kama mtu anayelemewa na usingizi, kisha huinuka tena. Mwanga unaopungua bila kurudi husemwa kuwa unafifia. Umeme wa radi humweka mara moja, na tukio hilo huitwa mmweko. Kimulimuli huwaka na kuzima kwa zamu, na jina la mdudu huyo limehamia kwenye taa za magari ya polisi na ya wagonjwa. Jicho hupepesa, yaani kope hushuka na kupanda kwa haraka. Nyota, dhahabu na hariri humetameta, na hapo tunasifu uzuri wala hatulalamikii kasoro. Kwa hiyo mtafsiri anayeandika kwamba skrini "inametameta" huenda anamsaidia muuza duka kuliko anavyomsaidia mteja.

Kuhusu neno "kucheza", hilo ni neno la mitaani lenye matumizi mapana mno. Umeme hucheza, picha hucheza, usukani wa gari hucheza, jino hucheza. Linatosha kueleza kwamba kitu hakikutulia mahali pake, lakini halisemi hakikutulia namna gani.

Yafaa tuzingatie kwamba maneno hayo hayakutungwa na kamati. Yalitofautishwa na macho ya watu. Aliyesema taa inasinzia hakuhitaji kujua kemia ya mafuta ya taa, lakini neno lake lilimwelekeza moja kwa moja kwenye mafuta na utambi. Hiyo ndiyo sifa ya jina zuri la dalili: hueleza kinachoonekana na papo hapo humwonyesha mtu mahali pa kuanzia kutafuta.

2. SINEMA NA MPAKA WA JICHO

Katika miaka ya 1830 wataalamu wawili, William Henry Fox Talbot wa Uingereza na Joseph Plateau wa Ubelgiji, walieleza jambo ambalo leo linajulikana kwa majina yao. Mwanga unaowaka na kuzimika kwa kasi ya kutosha huonekana kwa jicho kama mwanga mmoja uliotulia, na ukali wake ni sawa na wastani wa vipindi vya mwanga na vya giza. Ukiwaka nusu ya muda na kuzimika nusu ya muda, jicho huuona kama mwanga wenye nusu ya ukali. Baadaye Ferry mwaka 1892 na Porter mwaka 1902 walionyesha kwamba kasi inayohitajika si moja kwa hali zote: kadiri mwanga unavyokuwa mkali, ndivyo unavyohitaji kuwaka na kuzimika kwa haraka zaidi ili jicho lisigundue.

Sinema ndiyo iliyoyafanya mambo haya yawe shida ya watu wengi. Ndugu Lumière walipoonyesha picha zao mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, mtambo wao ulipitisha picha zipatazo 16 kwa sekunde. Kila filamu iliposogea ili picha moja iipishe nyingine, mwanga ulizibwa ili mtazamaji asione msogeo huo. Hivyo giza liliingia mara 16 kwa sekunde, na jicho liliona kila giza. Waingereza na Wamarekani walizipa sinema jina la utani kutokana na mwanga huo usiotulia, na jina hilo limebaki midomoni mwao hata baada ya kasoro yenyewe kwisha.

Tiba iliyopatikana mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ya ajabu. Mafundi hawakupunguza giza, bali waliliongeza. Kizibo cha mwanga kilitengenezwa chenye mapanga matatu, kikawa kinaziba mwanga hata wakati picha imesimama. Picha zilibaki 16, lakini mwanga ulikatwa mara 48 kwa sekunde, na jicho likashindwa kuufuata. Sinema za sauti zilipoanza kutumia picha 24 kwa sekunde katika miaka ya 1920 kuelekea mwisho, mapanga mawili yalitosha kutoa hesabu ile ile ya 48. Mtambo haukuacha kukata mwanga hata kidogo. Ni jicho lililoacha kuuona ukikatwa. Hapo ndipo dalili ilipoachana na kitendo cha mtambo kwa mara ya kwanza.

Hapa kwetu, mradi wa majaribio ya sinema za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za upana wa milimita 16 kati ya mwaka 1935 na 1937 na kuzizungusha kwa gari, sauti ikitoka kwenye santuri. Maneno "sinema" na "filamu" yameota mizizi katika Kiswahili. Neno la hitilafu ya mwanga wake halikuja pamoja nayo.

3. TAA ZA MRIJA, TELEVISHENI NA KOMPYUTA

Televisheni iliirudia hadithi ya sinema. Shirika la BBC lilipoanza matangazo ya kudumu tarehe 2 Novemba 1936, mifumo miwili ilishindana kwa zamu. Mfumo wa Baird ulichora picha nzima ya mistari 240 mara 25 kwa sekunde, na mwanga wake ulionekana wazi kutotulia. Mfumo wa Marconi-EMI wenye mistari 405 ulichora kwanza nusu ya mistari, ukiruka mmoja baada ya mwingine, kisha ukarudi kuchora ile iliyorukwa. Picha kamili zilikuwa 25 vilevile, lakini skrini ilimulikwa mara 50. Mnamo Februari 1937 mfumo wa Baird uliachwa. Televisheni zilizoanza Kenya mwaka 1962 na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilifuata hesabu hiyo hiyo ya 50, ambayo ni sawa na mizunguko ya umeme wa majumbani mwetu.

Wakati huo huo taa za mrija, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1938, zilienea katika ofisi na madarasa. Kwenye umeme wa mizunguko 50, taa hiyo hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa kila mzunguko una vilele viwili. Jicho halioni. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1989 na Arnold Wilkins pamoja na wenzake ulionyesha kwamba ofisi zilipowekewa taa za mrija zenye kasi kubwa zaidi, malalamiko ya kuumwa kichwa na kuchoka macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Ikawa dhahiri kwamba lisiloonwa na jicho laweza kuusumbua mwili. Jambo hilo halina budi kutofautishwa na ile taa ya mrija iliyochakaa ambayo kila mtu huiona ikishtuka-shtuka hadi fundi abadilishe mrija au stata. Taa ni ile ile, lakini hali ni mbili na tiba ni mbili.

Sheria nazo zikafuata. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1990 kuhusu kazi za skrini lilitaka picha iwe imara, isiyo na mwanga unaocheza wala aina nyingine ya kutotulia. Msomaji aone kwamba hata waandishi wa sheria hawakutosheka na neno moja. Nchini Sweden, kanuni za TCO za mwaka 1999 zilitaka skrini za kompyuta za aina ya zamani zimulikwe angalau mara 85 kwa sekunde.

Uzito wa jambo hili ulionekana zaidi nchini Japani tarehe 16 Desemba 1997. Kipindi cha katuni cha watoto kilionyesha mimweko ya rangi nyekundu na bluu ikipokezana mara zipatazo 12 kwa sekunde, na watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na dalili za kifafa. Hapo mtambo haukuwa na hitilafu yoyote. Mimweko ilikuwa sehemu ya kipindi. Kanuni za utangazaji za Uingereza zinahesabu mimweko inayozidi mitatu kwa sekunde kuwa yenye hatari. Mtafsiri anayepewa onyo la aina hiyo na kuandika "picha zinazometameta" hajamwonya mzazi. Huenda amemvutia mtoto.

4. KISOMEO: CHOMBO KILICHOZALIWA BILA MWANGA

Kisomeo kina historia ya pekee, kwa sababu kilianza kikiwa na skrini isiyoweza kucheza. Wino wa kielektroniki ulibuniwa katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, na kampuni ya E Ink iliundwa mwaka 1997 ili kuuendeleza. Ndani ya skrini mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi zilizo ndani ya kioevu. Umeme huzisukuma chembe hizo juu au chini, na zikishafika hubaki palepale bila kuhitaji umeme tena. Ukurasa ukishaandikwa umetulia kama karatasi. Kisomeo cha Librie cha Sony kilichouzwa Japani mwaka 2004, na kile cha Kindle cha Amazon kilichotoka Marekani mwaka 2007, havikuwa na taa. Usiku, msomaji aliwasha taa ya chumbani.

Jambo moja tu liliwashtua wasomaji wa mwanzo. Ukurasa ulipobadilishwa, skrini iligeuka nyeusi na nyeupe kwa ghafla kabla maandishi mapya hayajatokea. Hiyo haikuwa hitilafu. Skrini ilikuwa inafuta mabaki ya ukurasa uliopita, kama mwalimu anavyofuta ubao. Visomeo vilivyofuata vilipunguza jambo hilo kwa kufuta kikamilifu baada ya kurasa kadhaa badala ya kila ukurasa.

Mwaka 2012 taa iliingia. Visomeo vya Nook na Kindle Paperwhite vilitolewa vikiwa na taa ndogo za LED pembezoni mwa skrini, na utando mwembamba ulio juu ya skrini ukausambaza mwanga wake juu ya ukurasa. Tangu hapo kisomeo kimekuwa na vitu viwili ambavyo mtumiaji huviona kama kimoja: wino uliotulia, na mwanga unaoumulika. Mwanga huo hupunguzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupunguza mkondo wa umeme unaofika kwenye taa. Njia ya pili ni kuiwasha na kuizima taa mara nyingi kwa sekunde na kupunguza muda wa kuwaka. Njia hii ya pili ni kanuni ile ile ya Talbot na Plateau ya miaka ya 1830. Mapigo yakiwa ya haraka, jicho huona mwanga hafifu uliotulia. Yakiwa ya polepole, huona mwanga unaocheza. Mwongozo namba 1789 uliotolewa na chama cha wahandisi cha IEEE mwaka 2015 unauhesabu mwanga unaozimwa kabisa na kuwashwa kuwa na hatari ndogo mapigo yake yanapofikia 1,250 au zaidi kwa sekunde.

5. UTAMBUZI WA HITILAFU

Baada ya historia hiyo, hatua za kutambua kinachocheza zinajipanga zenyewe. Kila hatua hutenganisha jambo moja na jingine.

(a) Zima taa ya kisomeo, usome kwa mwanga wa mchana. Kutotulia kukiisha, skrini haina kosa. Tatizo liko kwenye mwanga. Kukibaki, chunguza skrini na programu yake.

(b) Angalia kama jambo hilo hutokea wakati wa kufungua ukurasa tu. Kama ndivyo, ni ufutaji wa kawaida.

(c) Zima taa ya chumba. Taa ya mrija iliyochakaa huweza kukifanya kila kitu kilichomo chumbani kionekane kinacheza, kisomeo kikiwamo.

(d) Ikiwa kisomeo hujirekebishia mwanga chenyewe, ondoa mpango huo kwa muda. Kivuli cha mkono kinaweza kuifanya taa ipande na kushuka bila ubovu wowote.

(e) Ongeza mwanga hadi mwisho, kisha upunguze kidogo kidogo. Kama unacheza ukiwa hafifu tu, shuku namna ya kuupunguza. Pitisha kalamu kwa haraka mbele ya skrini katika chumba chenye giza: ukiona kivuli kimoja kilichotanda, mwanga ni wa mfululizo, ukiona kalamu nyingi zilizoachana, mwanga unapigwa mapigo. Mistari inayoonekana kwa kamera ya simu huonyesha jambo hilo hilo. Hata hivyo, mapigo peke yake si ubovu.

(f) Linganisha hali ya kisomeo kikiwa kwenye chaji na kikiwa kimechomolewa. Tofauti ikionekana, jaribu chaja nyingine kabla ya kufungua chombo.

(g) Kiinamishe kisomeo taratibu. Mwanga ukikatika na kurudi kwa kufuata mkao, shuku kiungo kilicholegea, aghalabu waya bapa unaopeleka umeme kwenye taa.

6. MAPENDEKEZO YA ISTILAHI

Kutokana na hayo, napendekeza istilahi tano zijadiliwe. Nne za kwanza ni majina ya dalili, na zote zimechukuliwa katika msamiati uliopo.

Kusinzia (usinziaji): mwanga kupungua polepole na kurudi, kama taa iliyoishiwa mafuta.

Kupepesa (upepesaji): mwanga kubadilika kwa haraka na mfululizo, na jicho likauona.

Mmweko: badiliko moja la ghafla lenye mwanzo na mwisho. Kwa hiyo tutasema "mmweko wa ukurasa" kwa ule ufutaji wa kisomeo, na "mimweko" katika maonyo ya vipindi vya televisheni.

Kukatika (ukatikaji): mwanga kuzimika kabisa na kurudi bila mpangilio, kama tusemavyo umeme umekatika.

Ya tano ni jina la kitendo cha mtambo, wala si dalili. Nayo ni mapigo ya mwanga: kuwashwa na kuzimwa kwa taa kwa makusudi ili kupunguza ukali wake. Mapigo yanaweza kuwapo bila upepesaji kuonekana, na upepesaji unaweza kuonekana bila mapigo kuwa chanzo chake. Kwa sababu hiyo istilahi hizi mbili zisibadilishane nafasi katika tafsiri yoyote.

Huenda msomaji akapinga neno "kupepesa" kwa hoja kwamba ni kitendo cha kiumbe chenye macho. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini kusinzia nako kulikuwa kitendo cha kiumbe mwenye usingizi kabla watu hawajakihamishia kwenye taa, na hakuna anayelalamika leo. "Kumetameta" libaki na kazi yake ya kusifu vitu ving'aavyo, na "kucheza" libaki neno la mazungumzo.

HITIMISHO

Tulimjibu mwalimu kwa kumtumia maneno hayo pamoja na hatua zilizoelezwa hapo juu, tukamwomba aandike upya malalamiko yake bila kutumia neno "kucheza". Aliandika kwamba taa ikizimwa ukurasa unatulia kabisa. Kwamba mwanga haupepesi wala hausinzii, bali unakatika. Na kwamba hukatika anapolala na kukiinamisha kisomeo. Barua hiyo aliipeleka kwa fundi yule yule. Fundi alikifungua kisomeo, akakaza waya bapa wa taa, na kazi ikaisha. Skrini ya kwanza, iliyokwisha kutupwa, haikuwa na kosa lolote.

Basi jibu la swali lake ni kwamba maneno yalikuwapo. Kilichokosekana ni desturi ya kuyatumia kila moja mahali pake. Walimu wa sayansi, watafsiri wa vijitabu vya maelezo na maofisa wanaoandika masharti ya ununuzi wa vifaa vya serikali wanaombwa kuzijaribu istilahi hizi katika kazi zao na kuliandikia Baraza maoni yao, hasa pale zitakapowakwama.